Usimjazie Aliyenyamaza: Kibarua cha Utafiti wa Siasa kwa Mwanafunzi wa Buswelu

Ukiwa umepanga chumba Buswelu na chuo kiko Malimbe, siku yako inaliwa na daladala kabla haijaguswa na kitabu. Unatoka alfajiri, unabadili gari, unavuka mji mzima, na jioni unarudi umesimama. Kibarua cha duka au mgahawa chenye zamu ya kudumu hakitakuvumilia. Wiki ya kwanza utachelewa mara tatu, na mwenye duka hana sababu ya kujali kwamba kesho una mtihani. Ndiyo maana nakuandikia, mdogo wangu, kuhusu kazi ambayo wanafunzi wengi wa Mwanza hawaifikirii: utafiti wa siasa, ile sehemu yake ya kila siku isiyo na jukwaa wala kipaza sauti.

Niliifanya nikiwa mwanafunzi, na sasa nasimamia vijana wanaoifanya. Yenyewe ni kazi ya kukaa na kutembea. Unasoma kumbukumbu za Bunge na kuhesabu nani kauliza nini. Unasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Unahudhuria kikao cha madiwani na kuandika kilichoamuliwa. Unabisha hodi mlango wa ishirini na kuuliza swali kwa sauti ileile uliyoitumia mlango wa kwanza. Ukiondoa hiyo ya kubisha hodi na vikao, kazi iliyobaki unaifanyia chumbani kwako, saa mbili leo, saa nne Jumamosi, na wiki ya mitihani unaweza kuomba usiguse kabisa. Saa kumi kwa wiki zinatosha. Nimeona vijana wazuri wakichukua saa ishirini na zaidi katikati ya muhula, na mwisho wa mwaka wanarudia masomo huku fedha waliyoipata imeishia kwenye nauli na vifurushi.

Usianze kutafuta kazi hii kwa kuandika barua Dar es Salaam. Ni kweli wapo wakubwa wa shughuli hii huko. REPOA ndiyo imekuwa ikifanya utafiti wa maoni wa Afrobarometer hapa nchini, Twaweza inaendesha utafiti wa Sauti za Wananchi kwa njia ya simu tangu 2013, na REDET ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifuatilia demokrasia yetu tangu 1992. Lakini mtu wa kwanza wa kumwendea ni mhadhiri wako mwenyewe, kwa sababu ndiye anayepigiwa simu na mtafiti wa shahada ya uzamivu anayekuja Mwanza na anahitaji mtu wa kumsaidia. Usimwendee na maneno ya "nahitaji kazi yoyote, mwalimu." Mpelekee karatasi moja uliyoitengeneza: jedwali la maswali yaliyoulizwa bungeni na wabunge wa mkoa wa Mwanza katika mkutano mmoja wa Bunge, limepangwa kwa tarehe, jina, jimbo, mada na ukurasa. Karatasi hiyo itakuchukua siku mbili, na itamwonyesha kwamba unaweza kukaa na maandishi bila kukimbia.

Kisha una kitu ambacho mtafiti aliyeko Mikocheni, Dar es Salaam, hana: unaishi Buswelu. Makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela yako hapa. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi. Viti vya wageni mara nyingi vinabaki vitupu. Ukienda mara nne kwa mwaka, na daftari, ukakaa kimya mpaka mwisho, utakuwa umeona namna hoja inavyozaliwa, inavyopelekwa kwenye kamati, na inavyokufa. Mtafiti wa mbali atasoma muhtasari wa kikao. Wewe utakuwa umeona diwani gani alisimama, nani aliombwa akae, na hoja ipi iliahirishwa mara mbili.

Nakushauri uanze kwa kufuata jambo moja dogo. Chukua barabara unayoijua kwa miguu yako, tuseme ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu au ya Buswelu–Busenga–Cocacola. Itafute kwenye bajeti ya manispaa, kwenye maswali ya Bunge, kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), kwenye ahadi za kampeni. Andika kila mahali inapotajwa na tarehe yake. Au chukua ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fuatilia vikundi vya kata yako vilisema nini mtaani, na halmashauri iliandika nini kwenye mbao za matangazo. Ukikosa karatasi unayoihitaji, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua, ipeleke masjala, na usiondoke bila nakala yako kugongwa mhuri wa kupokelewa.

Kwenye kumbukumbu za Bunge kuna mitego, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi huharibu kazi bila kujua. Taarifa Rasmi za Bunge, ambazo wengi wetu tunaziita Hansard, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge, kikao kwa kikao. Tuseme umepewa kazi ya kuhesabu wabunge wa Mwanza mjini waliuliza maswali mangapi kati ya 2015 na 2025. Unafungua, unatafuta neno "Mabula," unahesabu. Umeshakosea. Kwa miaka yote hiyo kumi Mwanza mjini ilikuwa na wabunge wawili wenye jina hilo: Angeline Mabula wa Ilemela na Stanslaus Mabula wa Nyamagana. Usiposoma jina zima na jimbo kila mara, unampa mmoja maneno ya mwenzake.

Tuseme umewatenganisha vizuri. Sasa jedwali lako linaonyesha kwamba Nyamagana iliuliza na Ilemela karibu haikuuliza kabisa. Mtu mwenye haraka ataandika kwamba mbunge wa Ilemela alikuwa bubu. Lakini Angeline Mabula alikuwa Naibu Waziri wa Ardhi tangu mwisho wa 2015, kisha Waziri kuanzia 2022 hadi Agosti 2023. Waziri haulizi maswali bungeni, anayajibu. Jina lake limejaa kwenye kumbukumbu, ila liko upande wa pili wa meza. Kwa hiyo safu ya "idadi ya maswali" ni lazima iambatane na safu ya "wadhifa siku hiyo." Hakuna atakayekuambia uiongeze. Unaiongeza kwa sababu unaijua Ilemela, na kwa sababu usipoiongeza utamsingizia mtu kwa namba.

Mitego mingine ni ya mipaka na majina ya vyombo. Manispaa ya Ilemela ilianza kujitegemea mwaka 2012, ikitoka kwenye Jiji la Mwanza, kwa hiyo takwimu za "Mwanza Jiji" za 2008 na za 2014 hazizungumzii eneo moja. Tume ya Taifa ya Uchaguzi imekuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi tangu 2024, na ukitafuta kwa jina moja tu utapoteza nusu ya nyaraka. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 haukusimamiwa na Tume hiyo bali na TAMISEMI, na mwanafunzi anayetafuta matokeo ya mwenyekiti wa mtaa wake kwenye kumbukumbu za Tume atatafuta mpaka achoke. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Ripoti ya CAG iliyowasilishwa bungeni Aprili 2025 inahusu mwaka 2023/24, si matukio ya 2025. Andika mambo haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Kila nyaraka unayoisoma ipakue na uihifadhi kwenye simu na kwenye flashi, na jina la faili lianze na tarehe. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, waliokuwa na nakala zao waliendelea na kazi. Waliokuwa wakisoma mtandaoni tu walisimama.

Ukishapanga kurasa mia kwa mada (maji, barabara, uvuvi, elimu), rudia kurasa kumi za mwanzo baada ya wiki moja bila kutazama ulichoandika. Kama swali la bei ya nyavu uliliweka "uvuvi" wiki iliyopita na leo umeliweka "biashara," mipaka ya mada zako haijakaa sawa. Irekebishe kabla hujafika ukurasa wa elfu.

Kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti ni kazi nyingine inayokaa vizuri na ratiba ya mwanafunzi. Hapa tatizo kubwa ni malipo. Saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa nne hadi sita kuiandika, na mahojiano ya Sangabuye au Kayenze, ambapo mzee anaanza kwa Kiswahili, anaingia Kisukuma akikasirika, kisha anarudi, huchukua zaidi. Usikubali kulipwa kwa siku. Kubali kwa dakika ya sauti, na omba bei ya juu kwa mahojiano yenye Kisukuma, kwa kuwa hapo unafanya kazi mbili. Andika Kisukuma kama kilivyosemwa, tafsiri ikae pembeni. Ukiandika tafsiri peke yake, msomaji atapata maana uliyoidhania wewe.

Sasa twende mtaani. Kabla ya kubisha hodi mlango wowote, karatasi ziwe zimeshuka ngazi zote: kibali cha utafiti, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Katibu Tawala wa Wilaya, ya Mkurugenzi wa Manispaa, kisha Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Mtaa na mwenyekiti wake. Mwajiri wako ndiye anayepaswa kuzitafuta zile za juu. Akikuambia "anza tu, barua zinakuja," mjibu kwa heshima kwamba utaanza zikija. Huku Usukumani ndiko sungusungu walikoanzia, na kijana mgeni anayezunguka na kishikwambi akiuliza watu wanamwonaje mbunge atazungukwa kabla ya saa sita mchana. Mwenyekiti akiwa amekujua, neno lake moja litamaliza shaka. Mpe shikamoo, kaa unapoonyeshwa, eleza kazi yako kwa sentensi tatu, mwachie nakala ya barua.

Mavazi nayo yanasema. Usivae kijani, wala zambarau, wala kofia yoyote ya chama, hata kama ndiyo iliyokuwa safi asubuhi hiyo. Dodoso la Afrobarometer lina swali la mwisho linalomuuliza mhojiwa anadhani nani amewatuma wanaomhoji, na wengi hutaja serikali hata baada ya kuelezwa vinginevyo. Anayeamini umetumwa na serikali anajibu serikali. Ukiweza, salimia kwa Kisukuma palipo na Wasukuma, "mwangaluka, mayu," na ushukuru kwa "wabeja." Usiseme Kisukuma usichokijua ili kupendwa, utaulizwa unatoka ukoo gani na utakwama.

Wahojiwa huchaguliwa kwa utaratibu, hawachaguliwi kwa kivuli. Ukiambiwa anza kwenye shule, hesabu nyumba ya tano, kisha kila baada ya nyumba kumi, basi hesabu hivyohivyo hata kama nyumba ya kumi iko juu ya mawe, na Buswelu hadi Kiseke unajua mawe yalivyo. Ndani ya nyumba pia mhojiwa huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mara nyingi bahati itamwangukia mke, na mume atavuta kiti akae kujibu. Mwambie: "Baba, maoni yako nayaheshimu sana, ila leo bahati imemwangukia mama, na utaratibu hauniruhusu kubadili." Kisha omba mkae wawili pembeni, mahali panapoonekana lakini pasiposikika.

Kwa wavuvi, angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya chuo. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, wakiwasha taa zao, na mchana wanalala. Ukienda Igombe saa nne asubuhi wakati wa giza utamwamsha mtu aliyevuta nyavu usiku kucha, naye atakujibu lolote ili uondoke. Wakati wa mbalamwezi wanapumzika, wanashona nyavu, na wana muda wa kuzungumza mpaka wewe ndiye uchoke. Wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba ni tofauti: asubuhi ni ya mizigo, waendee mchana biashara ikipoa.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilimhoji bibi mmoja Kayenze. Swali lilikuwa kama anaridhika na kazi ya diwani wake. Bibi alinitazama, akaangalia ziwani, akaendelea kuchambua dagaa. Nilirudia swali. Akanyamaza. Jua lilikuwa linazama, gari la mwisho lilikuwa linasubiriwa, na kwenye karatasi kulikuwa na nafasi moja tupu. Nikaweka alama kwenye "ninaridhika kiasi," nikijiambia kwamba angekuwa hajaridhika angesema. Usiku nilishindwa kulala. Bibi yule hakuwa amesema chochote, na mimi nilikuwa nimempa kauli, kauli ambayo ingeingia kwenye jedwali na kusomwa kama sauti ya wanawake wa Kayenze. Jumamosi nilirudi kwa nauli yangu. Nilimwambia ukweli, nikafuta ile alama mbele yake, nikaandika "hakujibu." Akaniuliza kama nimekula.

Kwenye kazi hii hilo linaitwa kupika data, na halianzi na kijana aliyekaa chini ya mwembe akijaza madodoso kumi peke yake. Linaanza na nafasi moja tupu jioni. Huyo wa mwembe tunamkamata kirahisi: kishikwambi kinaandika saa na mahali, na mahojiano ya dakika 45 yaliyokamilika kwa dakika sita, yote kutoka hatua zilezile, hayahitaji mpelelezi. Anayejaza nafasi moja hakamatwi na mtu. Kwa hiyo jifunze kutofautisha majibu manne ambayo kwa nje yanafanana: hajui, amekataa, hakuelewa swali, na amenyamaza. Kila moja lina mahali pake kwenye dodoso, na kama la nne halina, liandike pembeni kwa maneno yako. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 na vifo vilivyofuata, watu wengi wamekuwa wazito kusema chochote chenye harufu ya siasa. Uzito huo ni habari kubwa kuliko majibu mengi tunayoyakusanya. Ukimjazia aliyenyamaza, umeufuta.

Mhojiwa wako naye mlinde. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaihesabu itikadi ya siasa kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Jina na namba ya simu vikae kwenye orodha moja, majibu yakae kwenye nyingine, na kiunganishi kiwe namba tu. Usimpige picha. Usimsimulie mwenzako chumbani kwamba mama muuza genge fulani kasema hivi kuhusu chama. Akitaka kusimamisha mahojiano katikati, funga dodoso, mshukuru, ondoka. Na namba ulizokusanya usizitangaze mwenyewe: Sheria ya Takwimu ya 2015, pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019, ina masharti kuhusu takwimu, na kutoa matokeo ni jukumu la taasisi iliyokuajiri.

Kama wewe ni kada wa chama, mwambie msimamizi wako kabla ya kuanza. Hakuna kosa kuwa kada. Atakupangia kusoma nyaraka za miaka ya nyuma badala ya kuwahoji majirani waliokuona umesimama jukwaani.

Mkataba usome, hata uwe wa ukurasa mmoja. Utafute mambo haya: unalipwa kwa nini (dodoso, dakika, siku), nauli na kifurushi ni vya nani, dodoso lililokataliwa na msimamizi linalipwa au la, na fedha inaingia lini. Mimi niliwahi kusubiri malipo miezi minne kwa sababu nilikubali maneno "mradi ukikamilika." Dai nusu katikati. Ukiona malipo yamepungua kwa asilimia 5, hiyo ni kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma. Omba hati yake. Na siku ya kwanza kabisa mpe msimamizi ratiba yako ya majaribio na mitihani, si wiki moja kabla.

Mitihani ikifika, kabidhi kazi kana kwamba hutarudi. Andika ukurasa mmoja kwa atakayekupokea: umefikia kikao gani, ukurasa upi, mada zipi zilikutatiza, nyumba ipi walisema mrudi Jumapili, mwenyekiti yupi anapatikana baada ya Adhuhuri tu. Chini kabisa orodhesha nafasi zote ulizoziacha tupu, namba kwa namba, na mbele ya kila moja andika kwa nini iko tupu.